Wati Mia Mbili na Arobaini

Mtu wa kwanza kuiogopa halbadiri alifika kituoni saa mbili na nusu asubuhi, kakumbatia jogoo.

"Wa Bi Ashura," alisema, akamweka jogoo juu ya meza ya Sajenti Mwinshehe, juu kabisa ya jalada la kesi. "Nilimchukua mwaka jana mwezi wa saba. Yule mwenyewe nilishamla, ila huyu ni wa ukubwa uleule. Andika kwamba nimerudisha."

"Mimi napeleleza kompyuta iliyoungua," alisema Mwinshehe.

"Kompyuta siijui. Mimi wangu ni huyo jogoo. Andika, Mzee, muda unakwenda."

Akaandika. Angefanyaje? Baada ya nusu saa mama mmoja akaacha beseni la bati mlangoni, akaondoka mbio bila kutaja jina lake. Hivyo ndivyo Ujiji ilivyokuwa Alhamisi ile. Bi Ashura alikuwa na studio ya video pale Mwanga, anapiga harusi za watu kuanzia Ujiji mpaka Katonga. Jumamosi kompyuta yake iliungua ikiwa na harusi sita tumboni, na kile kipande cha ndani kinachochora picha, wenyewe wanakiita kadi ya grafiki, hakikuonekana kwenye majivu. Jumatatu Bi Ashura akatangaza: mwenye kufanya hivi asipojitokeza mpaka Alhamisi baada ya swala ya alasiri, mikeka itatandikwa uani kwake na Shehe Yassir na wenzake watasoma halbadiri, ile dua ya kumshitaki kwa Mungu mtu usiyemjua, adhurike, hata avimbe, hukohuko alikojificha. Jambo hilo pale halichezewi. Kuna watu hujipapasa shavu kuangalia kama limevimba kwa kusikia tu harufu ya ubani.

Mwinshehe hakuwa na wasiwasi. Yeye mtu wake alikwishampata. Alikuwa ndani tangu Jumanne, jina lake Wilfred, fundi wa hiyohiyo studio, kijana wa Katonga wa ukoo uliovuka ziwa kutoka Kongo enzi za babu yake. Mwinshehe alimshika ukosi wa shati mbele ya wateja, akampitisha katikati ya soko la Mwanga mpaka kituoni. Kwenye begi lake mlikuwa na chupa ya spiriti. Ufunguo wa studio alikuwa nao. Na siku zote mbili, kila alipoulizwa, alijibu neno moja tu: "Afande, wewe mwenyewe unajua." Mwinshehe alikuwa amelipigia mstari neno hilo kwenye jalada, na pembeni ameandika: *jeuri*.

Kesi yake ilikuwa hivi. Wilfred kachomoa kadi akauze, halafu kamwaga spiriti na kuiwasha mashine ili wizi usionekane. Sawa. Aliyeivuruga alifika saa tatu na nusu, kashika mfuko wa plastiki kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya.

Alikuwa Faridi, mwenye chumba cha gemu mlango wa pili kutoka studio.

"Hii hapa," alisema Faridi, na kuitoa kadi. Ilikuwa kubwa kama tofali la kuchoma lililokatwa kati, na feni mbili juu. "Naomba uandike na saa. Saa tatu na dakika thelathini na tano. Wasije wakaanza kusoma jina langu bado limo."

"Uliichomoa lini?"

"Jumamosi."

"Kabla ya moto au baada?"

"Baada! Watu wameinua mfuniko, wanamwaga mchanga, wanapiga kelele, mimi nikaingiza mkono. Angalia, mpaka leo nina lengelenge."

"Mwizi yeyote angesema baada."

Mwinshehe akaipeleka kadi dirishani. Mwili wote ulikuwa mweusi wa masizi, feni zimeyeyuka upande mmoja. Lakini ukingoni, pale inapozama kwenye tundu lake ndani ya mashine, kulikuwa na safu ya meno ya rangi ya dhahabu, na meno yale yalikuwa masafi, yanang'aa. Alipitisha kidole. Hakikuchafuka. Kama kadi ingekuwa mezani, au chini, au kwenye begi la mtu karibu na ule moto, masizi yasingechagua pa kukaa. Meno yalikuwa yamezama tunduni wakati mashine inaungua. Basi Wilfred hakuchomoa kitu, na kama hakuchomoa kitu, hakuwa na sababu ya kuchoma.

Akarudi mezani taratibu.

"Kwa nini uibe kitu kibovu?"

"Si mimi niliyemuuzia? Ilitoka kwenye mashine yangu ya gemu. Nikaogopa watasema nimemuuzia mama wa watu bomu." Faridi alimtazama Mwinshehe, akatazama dari, akamtazama jogoo. "Halafu, Mzee, mimi nilidhani wewe…"

"Mimi nini?"

"Basi."

"Kaa pale kwenye benchi. Usitoke."

"Na jogoo?"

"Kaa naye."

Studio ilikuwa bado imefungwa kwa kufuli na utepe. Mwinshehe aliikata lakiri yake mwenyewe, akatuma mtu akamwite Jeremia, fundi wa redio na kompyuta mwenye meza yake kando ya washonaji. Bi Ashura alikwishafika. Mtu alimwambia kufuli limefunguliwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, buibui lake jeusi, mkono shavuni, mama wa miaka hamsini ambaye kwa siku tano alikuwa amekimbiwa na usingizi.

Jeremia aliingia akijifuta mikono.

"Mwakeye, Afande," alimwamkia kwa Kiha. "Leo ndiyo umenikumbuka. Juzi nimekuona unamkokota Wilfred, nikaweka bisibisi chini, nikasema ataniita sasa hivi aniulize. Nikasubiri mpaka chai ikapoa."

"Kesi ilikuwa wazi."

"Ee. Wazi."

Kompyuta ilikuwa mezani palepale, moja ya zile nyembamba za ofisini zinazokuja mtumba kwa makontena, haizidi sanduku la viatu. Jeremia hakuigusa kwanza. Aliizunguka mikono nyuma. Aliinama, akanusa. Akapitisha ukucha juu ya mfuniko.

"Hii rangi ya juu unaionaje?"

"Nzima."

"Nzima. Haijababuka hata kidogo. Spiriti ungeimwaga wapi bila kuimwaga juu? Ingeshuka mezani, meza ingeungua. Meza hiyo hapo, hata alama ya kikombe haijafutika." Akauinua mfuniko. Ndani kulikuwa kama chungu cha uji ulioungua. "Huu moto umezaliwa humu ndani. Haukuletwa na mtu. Nitolee miwani mfukoni, mikono yangu michafu."

Mwinshehe alimvisha miwani.

"Soma hicho kibandiko hapo. Kwenye hilo boksi la pembeni."

"Mia mbili na arobaini."

"Hiyo ndiyo pawa saplai. Ndiyo inayopakua chakula cha nyumba nzima. Wati mia mbili na arobaini kwa wote waliomo, si kwa mmoja. Sasa hiyo kadi uliyoshika, ikiwekwa kazini sawasawa, inakula mia na hamsini peke yake. Ubongo wa mashine, weka sitini na tano. Diski, feni, ubao wenyewe, weka thelathini. Jumlisha, wewe una kalamu."

"Mia mbili arobaini na tano."

"Ehe."

"Imezidi tano tu, Jeremia. Kwa tano kitu hakiungui."

"Ngoja kwanza. Mashine hii ilifanya kazi ofisini kwa watu miaka kumi kabla haijaonja umeme wa Kigoma. Hiyo namba ya kwenye kibandiko ni ya ujana wake. Ya leo hatuijui. Halafu njoo uangalie hapa." Alisogeza waya mweusi kwa ncha ya bisibisi. "Kadi ya ukubwa huu ina mdomo wake pembeni wa kulia umeme. Mashine ndogo kama hizi hazina waya wa kuulisha. Zilitengenezwa za kuandikia barua. Basi mtu akaunga kiungio kutoka plagi ya diski. Plagi ya diski inabeba wati hamsini na kitu. Hapo imebebeshwa sabini na tano. Ukitazama picha tu, haina shida. Ukiiambia sasa pika video ya harusi, masaa matatu bila kupumua, inaanza kutoa jasho. Unaona?"

Plagi ilikuwa imeyeyuka na kugeuka tone moja jeusi, na kutoka hapo weusi ulipanda juu kwenye diski na kusambaa. Hata mtu asiyejua kitu angeona kwamba moto ulianzia pale.

"Haikuchomwa hii," alisema Jeremia. "Imejichoma."

Mwinshehe aligeuka akaonyesha chini ya meza, kwenye boksi kubwa la bati lenye mshale.

"Lakini mbona kuna stabilaiza? Hiyo ni ya wati elfu mbili."

Jeremia alivua miwani kwa mkono uleule mchafu.

"Afande. Hata wewe?" Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyesikia jambo hilo mara nyingi. "Sisi watu wa Kigoma umeme umetutesa miaka mingi, unakuja unavyotaka, unaua friji, unaua televisheni, mpaka tumeifanya stabilaiza kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mtu akinunua chochote haulizi kitu chenyewe kikoje. Anauliza, stabilaiza yako ya ngapi? Stabilaiza iko nje, bwana. Inanyoosha umeme wa ukutani, basi. Weka ya elfu mbili, weka ya elfu kumi, hicho kiboksi cha ndani ni kilekile cha mia mbili na arobaini. Bomba la barabarani ukilitanua, mrija wa jikoni kwako unatanuka?"

"Hautanuki."

"Sasa mpumbavu aliyemwambia huyu mama kwamba stabilaiza inatosha, huyo ndiye mchomaji wako. Mtafute huyo."

Mwinshehe alikuwa anaandika maelezo yale neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Alifika kwenye *inatosha*, kalamu ikasimama. Kisha akafunga daftari bila kumaliza sentensi.

"Bi Ashura," alisema, "Wilfred alikubali kuifunga hii kadi?"

"Akubali wapi! Wiki nzima tunagombana. Mama, saplai ndogo. Mama, saplai ndogo. Asubuhi saplai, jioni saplai. Nikamwambia wewe mvivu, unataka harusi za watu zikae mwezi mzima. Faridi akasema, basi niulize kwa mtu anayejua. Akaniletea karatasi. Mtu wa serikali kaandika kwa mkono wake, anajua umeme kuliko mafundi wote wa soko hili, Faridi ndivyo alivyoniambia. Nikampa Wilfred, nikasema soma hiyo, na ukikataa tena katafute kazi kwingine. Akafunga."

"Uliisoma?"

"Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani."

"Faridi alikutajia jina la huyo mtu?"

"Hakunitajia. Alisema ni mtu mzima, hapendi makuu."

Jeremia aliguna.

"Karatasi iko wapi?"

"Wilfred aliikunja akaitia mfukoni. Alisema ataitunza."

"Kwa nini hukuniambia haya siku ya Jumanne?"

Bi Ashura alimtazama kwa mshangao kabisa.

"Hukuniuliza. Ulikuja umeshajua."

Kituoni alipita mbele ya benchi bila kumtazama Faridi. Akafungua kabati la vielelezo, akatoa bahasha ya Wilfred. Juu yake ilibandikwa hati ya upekuzi, kwa mwandiko wake mwenyewe, uliokuwa mzuri siku zote na ambao mkuu wa kituo alikuwa akiwaonyesha askari wapya. *Moja, chupa ya spiriti. Mbili, funguo mbili. Tatu, bisibisi tatu. Nne, karatasi moja, haina umuhimu.*

Aliifungua ya nne juu ya meza.

Ilikuwa jani la kalenda, mwezi wa nne, na nyuma yake mwandiko uleule wa kwenye hati: *Stabilaiza wati 2000. Kompyuta moja. Inatosha bila wasiwasi wowote.* Chini sahihi, na kabla ya sahihi, cheo.

Aliiandika kwenye baraza la kahawa, Ujiji, jioni moja baada ya swala ya magharibi. Faridi alimwuliza mbele za watu: Mzee, kompyuta moja kwa stabilaiza ya elfu mbili, vipi? Mwinshehe zamani alimbebea vifaa fundi umeme wa meli kwa miezi minne, na nyumba yake aliitandaza nyaya mwenyewe. Pale kwenye kahawa walimwita Injinia, naye hakuwahi kumkatalia mtu. Kadi ya grafiki haikutajwa. Ingetajwa asingejua ni nini, na asingeuliza. Faridi alisema anaomba iandikwe maana kuna fundi mbishi, na Mwinshehe akaomba kalamu kwa sauti kubwa, ili na wale wa benchi la mbali wasikie.

"Asubuhi nilitaka kukwambia," alisema Faridi. Alikuwa amesogea mpaka mlangoni, jogoo kwapani. "Nilidhani unaikumbuka unajifanya tu. Mzee, mimi sitasema kwa mtu. Ni kikaratasi. Zaidi yangu mimi na wewe na Wilfred, anayejua kilikofika ni huyu jogoo."

Mwinshehe aliikunja karatasi mara mbili. Akaikunja tena, na tena, mpaka ikawa ndogo kama punje ya hindi, akaitia mfuko wa shati. Akachukua funguo za mahabusu.

Wilfred alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Toka," alisema Mwinshehe. "Uko huru."

"Kwa nini?"

"Uchunguzi umekamilika. Imeonekana ni hitilafu ya umeme."

"Hitilafu ya umeme." Wilfred hakuinuka. "Umeisoma?"

Mwinshehe aligusa mfuko wa shati.

"Nimeisoma."

"Lini?"

"Leo. Sasa hivi."

Wilfred alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne uso wake ukawa na kitu kingine zaidi ya chuki.

"Mimi nilidhani unajua. Ulipoingia studio siku ile nikasema, huyu mzee kaifuata karatasi yake. Kaja kunifunga mdomo. Nikiitaja ananipoteza. Ndiyo maana nikawa nakwambia wewe mwenyewe unajua, ili uelewe kwamba sitasema, uniachie." Akatikisa kichwa. "Kumbe hata hilo ulikuwa hujui."

"Nenda nyumbani, Wilfred."

"Siendi."

"Nimesema uko huru."

"Nimekusikia. Mama yangu hajashuka mwaloni kuuza samaki tangu Jumanne. Dagaa wake wanaoza uchanjani. Jumanne hiyo alikwenda, wenzake wakaanza kufunika mabeseni yao akipita, wanawake waliouguzana uzazi, waliolia pamoja misibani. Kaja hapa kunieleza, askari wako kamwambia, mama wa mwizi, kaa kule." Alisema bila kupandisha sauti. "Wewe ulinipitisha soko zima kwa ukosi. Sasa unaniachia kwenye korido."

"Unataka nini?"

"Mimi si Muislamu, lakini najua saa kumi watu wote watakuwa uani kwa Bi Ashura, wanangoja kuona nani ataanza kuvimba. Nitakaa hapahapa mpaka saa kumi. Halafu tutakwenda wote, ukitaka. Usipotaka, funga mlango."

Mwinshehe alisimama na ufunguo mkononi. Hakuufunga mlango, wala hakuondoka. Baadaye askari wa zamu alisema alimkuta amesimama hivyohivyo, akadhani anamhoji mtuhumiwa.

Uani kwa Bi Ashura watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya ukuta wa jirani. Mikeka mitatu, chetezo katikati, moshi wa ubani umenyooka maana upepo wa ziwani ulikuwa umetulia. Shehe Yassir, mtu mwembamba mwenye ndevu za kuhesabika, alikuwa amekaa na wenzake sita. Hakuwa na raha. Siku zote tatu alikuwa akiwaambia watu kwamba jambo hili likianza halirudi.

Mwinshehe aliingia akitembea ubavu kwa ubavu na Wilfred. Faridi alifuata nyuma na jogoo wake, maana hakuna aliyemwambia amweke wapi. Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mabati.

"Kabla hamjaanza, Shehe," alisema Mwinshehe.

"Umemleta?"

"Nimemleta."

Macho yote yakamwendea Wilfred. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma.

"Si huyu," alisema Mwinshehe haraka. Akakohoa, akasimama wima kama mbele ya hakimu. "Baada ya uchunguzi wa kina imebainika kwamba ajali ilisababishwa na ushauri wa kitaalamu uliotolewa kuhusiana na uwezo wa…"

"Sajenti," alisema Shehe Yassir. "Hapa ni uani, si mahakamani. Nani?"

"Mimi."

Hawakuelewa. Aliona kwamba hawakuelewa, na kwamba itabidi aseme tena. Akaingiza vidole mfukoni, akaitoa ile punje ya karatasi, akaanza kuikunjua. Ilichukua muda. Vidole vyake vilikuwa vinene na mikunjo ilikuwa mingi, na watu wote walikuwa wakimtazama anavyohangaika. Akaisoma. Stabilaiza wati elfu mbili. Kompyuta moja. Inatosha bila wasiwasi wowote. Akasoma na cheo. Akasema kwamba Wilfred alikataa wiki nzima na alikuwa sahihi, mashine ile ni ya wati mia mbili na arobaini na haikuweza kuibeba kadi ile ikiwa kazini. Kwamba Wilfred hakuiba, hakuchoma. Kwamba karatasi hii alikutwa nayo mfukoni tangu Jumanne, na aliyeipokea aliandika haina umuhimu.

"Na huyo naye ni mimi," alisema.

"Injinia!" mtu alipiga ukelele kutoka juu ya ukuta, na kicheko kikaanzia kule kikashuka mpaka kwenye mikeka. Jeremia, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jiko, alijishika kichwa. Alikuwa amekumbuka alichosema asubuhi.

Shehe Yassir hakucheka. Alisubiri mpaka wenyewe wakachoka.

"Ulijua kwamba ulichoandika ni uongo?"

"Sikujua, Shehe."

"Ulijua kwamba hujui?"

Mwinshehe alikuwa amewauliza watu maswali miaka thelathini, na alijua mtu anapokaa kimya namna ile huandikwa nini kwenye jalada. Aliisikia kamera ya simu ya mtu ikilia.

"Nilijua," alisema.

Shehe akachukua kifuniko cha chetezo, akakifunika. Moshi ukakatika.

"Hakuna wa kusomewa hapa. Mtu amekuja kwa miguu yake."

"Na harusi zangu sita?" alisema Bi Ashura. Sauti yake ilipasuka. "Mabibi harusi sita niwaambie nini? Mmoja baba yake amekufa wiki iliyopita, alicheza kwenye ile video, hawana nyingine. Niwaambie Sajenti alijua kwamba hajui?"

"Nitawaambia mwenyewe. Nyumba kwa nyumba."

"Uanze na huyo wa msiba."

"Nitaanza na huyo."

Bi Ashura alimgeukia Wilfred, akavuta ncha ya buibui na kujifunika mdomo. Watu walianza kuinuka. Hapo ndipo wale wa upande wa geti walipofungua njia, na mama mmoja mfupi akapita, kavaa kitenge cha kazi chenye magamba ya samaki yaliyokauka. Alikuwa Mariana, mama yake Wilfred, aliyekuwa amesimama nje ya geti muda wote huo kwa sababu hakuna aliyemkaribisha ndani. Alikuwa mdogo kwa Mwinshehe kwa miaka kumi na zaidi.

Wilfred alimnyooshea mkono, lakini yeye alimpita mwanawe akaenda kusimama mbele ya Sajenti. Mwinshehe alijiandaa kwa kofi, na ingekuwa afadhali. Mariana aliinamisha kichwa, akakunja goti kidogo kama alivyolelewa kumwamkia mtu mzima.

"Shikamoo, Mzee."

Wanawake wa Katonga waliokuja kutazama walisimama na vikapu vyao kichwani. Jibu lake ni neno moja tu; mtoto wa miaka mitatu analijua.

Mwinshehe alifungua mdomo. Midomo ilikutana, ikaachana, ikakutana tena. Mariana alisubiri, goti bado limekunjwa, kichwa chini, kwa adabu, bila haraka yoyote. Jasho lilimtiririka Sajenti kutoka kipajini mpaka kwenye ukosi wa shati.

Wilfred akaja, akamshika mama yake kiwiko na kumwinua.

"Twende, mama," alisema. "Hiyo haitatoka leo."